Ljip, Mfumo Usiolalamikiwa

Porto, 12 Septemba 2010

Mpendwa Shangazi Baukje,

Nakusalimu kutoka kwenye mji wa ngazi. Mimi mzima, ni goti tu ambalo halijakubali kwamba tumehama nchi tambarare. Nyonga yako inaendeleaje? Maharage yametoka vizuri? Msalimie baba.

Najua utasema ningepiga simu. Kwenye simu wewe husema "ndiyo", "hapana" na "haya, inatosha", kisha nasikia mlio. Barua angalau unaisoma mpaka mwisho. Na najua kwamba ile kompyuta niliyokununulia ina barua pepe na kwamba hutaigusa, kwa sababu umewapelekea watu barua kwa baiskeli miaka thelathini na moja na hutaki kuwanyang'anya kazi wenzako waliobaki posta.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Unaikumbuka Linux, nilikueleza Pasaka: mfumo wa kuendesha kompyuta ambao hauna mwenyewe, kila mtu anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kumpa jirani. Watu wengi wameutengenezea matoleo ya lugha zao. Nataka kutengeneza la Kifrisia, lugha yetu ya nyumbani. Sisemi Kiholanzi chenye maneno mawili matatu ya kwetu, kama zabibu kavu kwenye mkate. Nataka Kifrisia kitupu, tangu kompyuta inapowaka mpaka inapozimwa. Jina nimeshalipa: Ljip, yule ndege wetu wa malishoni mwenye kishungi.

Mashine naijua, ila maneno yananitoka. Juzi nilishindwa kukumbuka tunavyoliita lango la malishoni, nikasimama katikati ya daraja kama mtu aliyedondosha funguo mtoni. Ndani ya bahasha kuna maneno mia mbili na kumi. Niandikie kila moja kama unavyolisema wewe, achana na kamusi.

Utaniuliza najisumbua kwa nini. Shangazi, ng'ombe wa baba sikukubali kuwarithi, nawe ulikuwapo siku wanapakiwa kwenye lori. Nataka kitu kimoja nilichokitengeneza kwa mikono yangu kiwepo Aldewier na kitumike.

Wako,
Hylke


Aldewier, 3 Oktoba 2010

Hylke mwanangu,

Nyonga ipo. Maharage yalikuwa mengi, mengine nimeyagandisha. Mvua haijakatika tangu Jumanne. Baba yako yupo.

Maneno yako nimeyafanya, mia mbili na matatu. Saba nimeyarudisha kwa sababu sijui ni vitu gani, na kwa jinsi ulivyoyaeleza, wewe pia hujui.

Pale pa kutupia mafaili nimepaita jaa la samadi. Usicheke. Kilichotupwa jaani bado ni chako, unaweza kurudi na uma ukakichomoa, mpaka siku ya kumwaga shambani. Neno la siri nimeliita "kilicho chini ya kiatu cha mbao", maana ndipo tunapoweka ufunguo.

Na mashine yako inaomba radhi kupita kiasi. "Samahani sana, hitilafu isiyotarajiwa imetokea." Kwani ni muuza mazulia? Nimeandika "Haikwenda." Pale inapompongeza mtu kwa kumaliza kuingiza programu, nimeandika "Imeingia." Mtu mzima hapongezwi kwa kufungua mlango.

Mwalimu Rixt wa hapa shuleni amesikia habari. Ana kompyuta kumi na nne na hana la kuzifanyia. Mpelekee ikishakuwa tayari, yaani wewe ukishakuwa tayari.

Shangazi yako,
Baukje


Porto, 28 Novemba 2010

Shangazi wangu,

Natumaini umepata mtu wa kukusafishia mifereji ya paa kabla ya barafu. Hapa watu wamevaa makoti kwa baridi ambayo kwetu tungeanikia nguo. Mimi sijambo. Msalimie baba.

Nimecheka jaa la samadi mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nimeliweka. Ila nikuulize: kule Aldewier kila mtu anajua ufunguo wa jirani upo chini ya kiatu cha mbao. Hilo linawezaje kuwa neno la siri? Nimeliweka hata hivyo, kwa sababu sikupata jingine lililonifurahisha.

Diski kumi zimo kwenye kifurushi hiki. Moja yako, nyingine za Rixt na yeyote atakayetaka. Ukiiwasha utaona kitufe chekundu pembeni, "Peleka malalamiko". Hicho ndicho moyo wa kazi yote, Shangazi. Mimi niko mbali. Kitu kikikwama, mtu abonyeze, aandike sentensi moja, nami nitatengeneza. Mfumo kama huu hauishi bila watu kuulalamikia. Waambie wasione haya.

Nina furaha ambayo sijaisikia muda mrefu. Naandika hivyo nikijua utatikisa kichwa.

Hylke


Aldewier, 16 Januari 2011

Hylke mwanangu,

Barafu ya mifereji ya mashambani ilishika siku tisa, watu wakateleza mpaka kanisani, kisha ikayeyuka. Kamati ya mbio za kuteleza ilikuwa imeshapika supu ya njegere ya watu mia mbili, tukaila wiki nzima. Baba yako yupo.

Nimetikisa kichwa, kama ulivyosema. Ureno imekulegeza ulimi.

Rixt ameiweka kwenye kompyuta zote kumi na nne. Nilimuuliza inaendaje. Akasema, "Inaenda." Nami ninayo. Haina neno.

Kuhusu kitufe chako chekundu: kiache kama unapenda rangi. Hapa kitaota kutu. Unamkumbuka Oebele wa klabu ya mpira wa mkono, paa lake lilivuja miaka minne naye anahamisha ndoo tu. Fundi alipouliza, alisema anazo ndoo za kutosha.

Kuna mtu mmoja hapa anauliza kama mashine inaweza kuandika viota vya ndege. Shamba gani, tarehe, mayai mangapi, kijiti kimesimikwa au bado, mwenye trekta la kukata nyasi ameambiwa au bado. Kwa sasa anaandika nyuma ya kalenda ya chakula cha ng'ombe, na mwandiko wake hata mimi niliyezoea bahasha za kila namna siusomi. Kama ni kazi kubwa, acha. Hakunituma.

Baukje


Porto, 6 Machi 2011

Shangazi,

Habari za supu? Natumaini mmemaliza. Mimi sijambo, nina mafua tu ya kusafiri. Msalimie baba.

Nina habari, na safari hii niruhusu nijisifu kidogo. Mwezi uliopita nilialikwa Ljouwert, makao makuu ya mkoa wetu, kuionyesha Ljip. Ukumbi ulikuwa na watu mia moja na ishirini! Ofisa wa lugha wa mkoa alisimama akabonyeza jaa la samadi mbele ya watu, ukumbi mzima ukatabasamu, nawe unajua kutabasamu kwa watu wetu ni sawa na makofi kwingine. Gazeti lilinipiga picha. Wiki ile watu mia tisa na arobaini na mmoja waliipakua. Mwanamke mmoja mzee alinishika mkono akasema kwamba hajawahi kuona lugha ya mama yake ikiwaka kwenye skrini, halafu akaona aibu akaenda kutafuta koti lake. Nilirudi Porto kesho yake.

Daftari la viota limo kwenye toleo jipya. Nilikesha nalo Jumapili mbili na nililifurahia kuliko yote. Mwambie huyo mtu mmoja.

Kitu kimoja kinanisumbua. Sijapata lalamiko hata moja. Haiwezekani, Shangazi. Mimi mwenyewe nimeshaona makosa thelathini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini nitauzibaje ufa ambao hakuna anayenionyesha?

Hylke


Aldewier, 24 Aprili 2011

Hylke mwanangu,

Pasaka njema. Tumekula mkate wa sukari, wa duka la mkate maana wangu ulikataa kuumuka. Baba yako yupo. Anashinda malishoni na ule mti wake wa kurukia mifereji, umri huo.

Tulikuona gazetini. Shati lilihitaji pasi. Kutoka Ljouwert mpaka hapa ni dakika ishirini na tano kwa gari, sijui kama wamehamisha barabara.

Daftari la viota halina neno.

Umesema tena habari ya malalamiko. Kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza. Na mgema akisifiwa, unajua alichofanya. Wewe umekulia hapa. Ukikuta kiota, unasimika kijiti chako hatua tano pembeni ili trekta lipite mbali, na unaenda zako. Hukaribii, huchungulii, hurudi kesho kuuliza mayai yanaendeleaje. Ndege akishatulia, kumwendea ni kumfukuza.

Baiskeli yangu imehitaji tairi jipya. Naizungusha sana siku hizi.

Baukje


Porto, 25 Julai 2011

Mpendwa Shangazi,

Natumaini joto halijakausha maharage yako. Mimi mzima wa mwili. Msalimie baba.

Nitakuandikia kweli tupu, nawe nakuomba unijibu hivyo hivyo. Waliopakua Ljip mwezi Februari walikuwa zaidi ya elfu. Aprili, arobaini. Juni, watatu. Tangu ianze nimepata malalamiko mawili: moja la mwanafunzi wa Groningen na jingine la muuza dawa za kuotesha nywele. Rixt nilimwandikia mara tatu, akanijibu mara moja, neno moja: "Inaenda." Inaenda wapi, Shangazi? Nadhani ameshaifuta na anaona haya kuniambia.

Hapa Porto mtu akipewa supu yenye chumvi nyingi, mtaa mzima unajua kabla ya kijiko cha pili. Ikiwa tamu, wanamwita mpishi atoke jikoni wambusu. Nimeishi na watu hawa miaka minane na nimezoea. Kwao pakiwa kimya, maana yake hakuna mtu nyumbani.

Sasa ule mfumo mkubwa ambao Ljip imeegemea unabadilisha sura yote vuli hii. Nikitaka kwenda nao, itabidi nijenge upya karibu kila kitu, Jumamosi na Jumapili zangu zote mpaka mwakani. Nitafanya, kama kuna mtu. Sihitaji elfu. Kama yupo hata mmoja huko Aldewier anayeiwasha asubuhi na kufanya jambo lake, niambie ni nani, nami nitaanza kesho.

Kama hayupo, niambie pia. Sitakasirika. Nitangoja jibu lako mpaka mwisho wa Agosti. Nisipolipata, nitaelewa, na nitaifunga vizuri, bila kelele.

Mwanao,
Hylke


Aldewier, 18 Septemba 2011

Hylke mwanangu,

Barua yako nimeichelewesha. Nilikuwa na shughuli. Mimi, ambaye sikuwahi kuiacha barua ya mtu ilale mkobani hata siku ya theluji.

Taarifa yako tuliiona wote tarehe mosi. "Ljip imekwisha. Asanteni." Ulisema mwisho wa Agosti na ikawa mwisho wa Agosti, hapo sina la kukulaumu. Jibu la swali lako ni ndiyo. Najua limekufikia likiwa halina kazi.

Maharage ya mwaka huu yamekuwa ya ajabu. Yale ya kutambaa yalishikwa na chawa wa mimea mwezi Juni, nikayanyunyizia maji ya sabuni, yakapona yakazaa kupita kiasi. Yale mafupi nimeyachuma mara nne. Yale meupe ya kukausha nimeyaning'iniza ghalani, na Rixt amekuja kuchukua makapu mawili. Nimegandisha mifuko kumi na tisa. Kwenye jokofu hakuna tena nafasi hata ya kijiko, ikabidi nimpe Oebele mengine, akasema yanalika.

Nyonga ipo. Hali ya hewa si mbaya.

Baukje


Porto, 27 Septemba 2011

Shangazi,

Umeandika aina tatu za maharage, na umesahau kitu kimoja. Hukuandika kwamba baba yupo.

Nimezitoa barua zako zote kwenye boksi. Kila moja ina maneno hayo, hata ile kadi ya siku yangu ya kuzaliwa yenye mistari miwili. Hii ya sasa haina. Nilipiga simu kwako mara nne, haikupokelewa. Nikapiga ya baba, namba ambayo sijaipiga tangu ng'ombe waondoke. Ikapokelewa. Mtu akasema "Ndiyo?" kwa sauti nyembamba ambayo sikuitambua, nikaogopa, nikakata. Ndiyo, nilikata. Nina miaka thelathini na sita na nilikata simu kama mtoto aliyevunja dirisha.

Ljip tuiache, hayo yamepita. Baba yuko wapi?

Hylke


Aldewier, 5 Oktoba 2011

Hylke mwanangu,

Baba yako yupo. Nakuandikia mezani kwake, naye amelala kwenye kiti cha dirishani mdomo wazi. Aliyepokea simu ni yeye. Alisema, "Ni mtu, halafu akakata." Nadhani alikujua.

Tarehe mbili Agosti alianguka kwenye lango la malisho ya kusini. Alibadilishiwa vali ya moyo Ljouwert, akalazwa karibu mwezi na nusu, na tangu siku aliyoanguka nakaa kwake. Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Ana kazi zake." Nikamtii, maana ni kaka yangu mkubwa na nina mazoea mabaya. Barua yako ya Julai ilikuwa kwangu chini ya mlango pamoja na matangazo ya rangi za nyumba. Niliifungua Agosti ishirini na nane, na sikujua nitakujibuje bila kumtaja, kwa kuwa mtu uliyemuuliza alikuwa ni yeye. Nikatafuta namna ya kuandika siku tatu. Baadaye nikaandika maharage.

Mtu mmoja wa viota ni baba yako. Anayo Ljip tangu wiki ya mwaka mpya, niliipeleka mwenyewe. Anaiwasha kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Masika alisimika vijiti mia moja na kumi na viwili na kila kimoja kimo kwenye daftari lako. Hospitali alikwenda nayo, akaiweka juu ya ile meza ya kulia chakula, muuguzi akauliza hicho ni Kidenmarki?

Na wengine je? Sababu ya watu kuacha kupakua ni kwamba nilikuwa nawapelekea. Rixt ananakili diski shuleni, mimi nazungusha kwa baiskeli. Aldewier na vijiji viwili vya jirani, nyumba mia moja sitini na tatu. Nilirudia njia yangu yote ya zamani, hata kwa wale wenye mbwa. Nilifurahi sana, Hylke. Sikukuandikia kwa sababu ingekuwa kujisifu, na kwa sababu nilidhani unajua. Nani angekaa na kitu kibaya kwenye kompyuta yake mwaka mzima? Tulikuona umetulia huko unafanya kazi nzuri, tukasimika vijiti, tukaenda zetu. Hivyo ndivyo tulivyokupenda, na ndivyo tulivyokufukuza. Kosa ni langu kuliko la wengine, maana wewe uliniuliza kwa maandishi.

Nyuma ya kalenda ya chakula cha ng'ombe nimekuta jambo jingine, limo kwenye bahasha hii. Nilimwomba ruhusa nikutumie. Akasema, "Hayo si malalamiko. Ni kumbukumbu tu." Yako sitini na mawili. Nilikunakilia machache hapa ili mwandiko usikutoe machozi kabla ya wakati:

1. 9 Januari. Herufi yenye kofia haitoki kwenye printa. Naiongeza kwa penseli.

9. 27 Machi. Inaganda nikiandika kiota cha hamsini. Naanzisha daftari la pili.

17. 14 Aprili. Inachukua dakika sita kuamka. Nachemsha chai.

33. 2 Juni. Sauti haitoki. Sawa tu.

61. 30 Agosti. Hospitali. Inafanya kazi.

62. 1 Septemba. Inasema imekwisha. Nimebonyeza "Haya".

Shangazi yako,
Baukje


Porto, 19 Oktoba 2011

Mpendwa Shangazi,

Mwenye posta ya hapa amepanda ngazi zote mwenyewe kuniletea bunda la bahasha, akavua kofia akanipa pole. Anadhani nimefiwa na ukoo mzima. Kadi themanini na saba za rambirambi, Shangazi, zote zenye ukingo mweusi, kutoka nyumba hizo ulizopita na baiskeli! Mmemzika Ljip kama mzee wa kanisa. Rixt ameandika: "Tulikuwa nayo darasani mwaka mzima. Haikutusumbua." Oebele: "Pole. Nilikuwa nimeizoea." Nimezisimamisha zote juu ya kabati na kwenye ukingo wa dirisha kama inavyopasa, nikakaa katikati yake nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Naandika wazi, tikisa kichwa.

Sina hasira nawe. Nilikuuliza swali la Kireno nikangoja jibu la Kireno. Kitufe kile ulishaniambia kitaota kutu, nikadhani unatania.

Siwezi kuifufua. Kompyuta kuu iliyoihifadhi nimeirudisha kwa wenyewe, mfumo mama umeshahama, na nikisema kweli nimechoka. Waambie iliyomo kwenye mashine zao itaendelea kuwaka, ila haitarekebishwa tena. Watakuwa na ndoo zao.

Lakini orodha ya baba nimeisoma yote, pamoja na pale alipofuta. Namba tisa ni kosa langu, la mstari mmoja. Lingenichukua dakika nne. Kaanzisha madaftari matatu kwa ajili ya dakika nne zangu.

Nakuja tarehe kumi na moja Novemba. Usimwambie. Au mwambie, vyovyote utakavyoona.

Hylke


Aldewier, 11 Desemba 2011

Hylke mwanangu,

Upepo umeangusha mti wa Oebele, haukuangukia paa, amesikitika kidogo maana bima ingemtengenezea. Nimerudi kwangu. Nyonga haipendi ngazi zangu tena, ila tunaelewana. Skafu uliisahau, nitaituma, au uifuate mwenyewe.

Nilimwambia kwamba unakuja, nadhani ulilijua hilo ulipoona viatu vya mbao jozi mbili vimeoshwa na kuwekwa mlangoni, vya kwake na vyako vya zamani. Siku tatu zile nilikuwa naleta chakula nawakuta mmeinamia mashine. Yeye anasema, "Namba kumi na saba," wewe unagonga gonga, unasema, "Sasa iwashe." Sikuwasikia mkizungumza jambo jingine lolote, si ng'ombe, si moyo, si miaka mitano ya kutopigiana simu. Mara ya kwanza nilikasirika. Nikiwa njiani nikafikiri, haya, wametoka kwenye moja mpaka sitini na mbili bila kuruka hata namba, ni wangapi wamezungumza hivyo?

Rixt amepata barua kwamba kiangazi shule italetewa mashine mpya zenye Kiholanzi. Alisema itakuwa hivyo. Mpaka wakati huo zinaenda. Nyumbani kwa watu naona bado zinawaka, ila moja moja zitazimika, na hakuna atakayekwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Nimejifunza. Nilikuwa naipenda Ljip, Hylke. Nilipenda kuona maneno ya jikoni kwa mama yangu yamesimama pale yamenyooka kama watu waliovalia kwenda kanisani. Nilipaswa kuandika hivyo mwezi wa Januari.

Jana nilipita kwa kaka yangu kumpelekea supu. Alikuwa ameshusha kalenda mpya ya mwakani, haijafika hata siku ya kwanza, ameigeuza na penseli iko mkononi. Nikachungulia. Alikuwa ameandika namba moja: skrini inakuwa nyeusi kidogo saa tano asubuhi, kisha inarudi. Nikamwambia, "Sjoerd, Ljip imekwisha. Si ulibonyeza 'Haya' mwenyewe? Sasa hayo malalamiko unamwandikia nani?"

Akanitazama kama nimemuuliza ng'ombe ana miguu mingapi.

"Hylke," akasema.

Baba yako yupo.

Shangazi yako,
Baukje